Krismasi Malindi: kutoka Rombo hadi mlango wa Sabaki

Kwa watu wa Rombo, mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, Krismasi ni kurudi nyumbani. Kuanzia katikati ya Desemba mabasi ya Dar es Salaam yanapanda yakiwa yamejaa, taa zinawaka katika nyumba zilizofungwa mwaka mzima, na kila boma linahesabu waliofika na waliokosekana. Kuuacha mlima wakati huo na kuteremka upande wa pili si jambo la kuamua hivihivi. Sababu yetu ilikuwa mtoto. Dada yangu ameolewa Malindi, Kenya. Alijifungua mwishoni mwa Novemba, na Mama akatamka mbele ya ukoo kwamba mzazi hawezi kukosa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, eti kwa kuwa ni sikukuu. Kaka mkubwa akakubali kushika boma na kuchinja. Mimi, kitinda mimba, nikapewa kazi ya kumsindikiza Mama na kubeba ndizi.

Desemba 21

Tuliondoka Mkuu, kwetu Rombo, saa kumi na moja alfajiri. Mzigo mkubwa ulikuwa mkungu wa mshare, ndizi yenyewe ya mtori, uliozungushiwa majani makavu ya mgomba kisha ukatiwa kwenye gunia. Mwingine ulikuwa samli na ulezi.

Mpaka wa Holili na Taveta umekuwa na kituo cha pamoja tangu 2016, kwa hiyo anayetoka Tanzania hasimami upande wake. Anapita moja kwa moja hadi Taveta na mihuri yote miwili inagongwa chini ya paa moja. Pasi zikaangaliwa, kadi za homa ya manjano zikaangaliwa, likabaki gunia. Afisa akalifungua na kutabasamu.

"Mama, ndizi unazileta Taveta?"

Maana Taveta nayo ni nchi ya ndizi, soko lake linalisha Mombasa. Mama akamjibu, "Hizi ni za mzazi, baba." Afisa akalifunga gunia kwa mikono yake mwenyewe na kututakia safari njema.

Kutoka Taveta hadi Voi ni kama kilomita 110 za lami nzuri. Udongo wa Tsavo ni mwekundu kiasi kwamba hata tembo wake ni wekundu kwa kujimwagia vumbi. Tuliwaona karibu na Voi wakitembea kwa foleni, watoto katikati. Mama hakuwa amewahi kuvuka mpaka maishani. Alikaa dirishani akivitaja vitu kwa sauti ya chini, mkonge wa Mwatate, milima ya Taita, reli mpya inayopita juu ya nguzo, kana kwamba alikuwa anaandaa ripoti ya kuwapelekea wenzake wa jumuiya.

Voi tuliingia barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na hapo ndipo nilipoiona Krismasi ya Wakenya. Nairobi mwezi huu hugawanyika mafungu mawili, wanaokwenda kwao mashambani, wenyewe husema ushago, na wanaoteremka pwani. Hawa wa pwani walikuwa mbele yetu na nyuma yetu, magari yamebeba magodoro, baiskeli za watoto na maboya. Nauli ilikuwa imepanda. Makanga aliitaja bila kupepesa macho, na abiria wote wakalipa kwa sababu hakukuwa na gari jingine.

Tulipopita Mazeras nilimwonyesha Mama upande wa Rabai. Hapo walikaa wamisionari Krapf na Rebmann. Mwaka 1848 Rebmann alitoka hapo kwa miguu, akiongozwa na Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Aliporipoti, wasomi wa Ulaya walimkatalia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mama aliuliza swali moja tu: "Huyo Bwana Kheri naye alikatazwa kuiona?" Nimelifikiria swali hilo hadi leo. Wapwani walikuwa wanapanda na kushuka njia hii na misafara yao kabla ya mzungu yeyote, na weupe ule wa kileleni walikuwa wanauona.

Mombasa hatukukaa. Foleni ya Mtwapa ilitula muda mrefu, daraja la Kilifi tulilivuka usiku, na Malindi tukafika watu wakiwa wameshalala. Shemeji alitupokea stendi na bodaboda mbili.

Desemba 22

Joto. Kaskazi imeanza kuvuma, upepo ule ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na India, lakini ndani ya nyumba hauingii. Nyumba ya Dada iko Barani, ya mawe ya matumbawe, paa la mabati, na feni moja ambayo tumekubaliana ni ya mtoto. Mama alilala barazani juu ya mkeka na kuamka kabla ya adhana ya alfajiri.

Kwanza alimshika mjukuu. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ana paji la uso la baba yenu," akaingia jikoni.

Alijipaka mafuta mikononi, maana utomvu wa mshare ukikauka kwenye vidole hautoki kwa sabuni. Akamenya ndizi mojamoja, akazikata na kuzitumbukiza majini zisigeuke nyeusi. Nyama yenye mfupa ilikuwa imeshatangulia kuchemka. Vikaiva pamoja hadi ndizi ikawa inakatika kwa kuguswa na mwiko, akaitoa mifupa, akaponda, akawa anarudisha supu kidogokidogo, anainua mwiko na kuangalia unavyodondoka, anaongeza tena. Samli na chumvi mwishoni. Dada alikunywa bakuli kubwa jasho likimtiririka, akaomba la pili. Alikuwa amepungua. Shemeji na mama yake walimtunza vizuri, hilo lazima niliseme, lakini uji wa Malindi haukuwa wa kwao na mwili wake ulijua.

Harufu ilivuka ukuta. Jirani, mama mmoja wa Kibajuni, alibisha hodi, akamwamkia Mama shikamoo na kuuliza ni chakula gani hicho. Mama akampakulia. Jirani akauliza kitu kimoja kabla ya kupokea, nyama imetoka wapi. Dada akamtajia bucha ya Mwislamu pale mtaani. Akapokea kwa mikono miwili. Jioni bakuli likarudi limejaa mahamri. Bakuli la watu halirudishwi tupu, hilo halihitaji mtu kufundishwa upande wowote wa mpaka.

Desemba 23

Nilikwenda sokoni na Shemeji. Ni mwalimu wa jiografia, na kutembea naye ni kusimama kila kona.

Malindi ina miji kadhaa ndani yake. Kuna mji wa kale wa Shela, wenye Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo ya tangu enzi za masultani. Kuna mji wa Wagiriama wanaoingia asubuhi na maembe, mihogo na kuku. Katikati imesimama sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Na kuna mji wa Waitalia.

Hawa walikuja kwanza kwa ajili ya anga. Miaka ya 1960 Italia ilisimamisha majukwaa ya chuma baharini huko Ngomeni, kaskazini ya hapa, kwa kuwa roketi inayorushwa karibu na ikweta inasaidiwa na mzunguko wa dunia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, satelaiti ya Kimarekani ilirushwa kutoka hapo na kupewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Baada ya wahandisi wakafuata watalii, baada ya watalii wakafuata waliojenga na kukaa. Sasa vijana wa ufukweni wanaongea Kiitalia bila kukwama, na Desemba madirisha ya maduka yanajaa mikate mirefu ya zabibu katika maboksi ya rangi, ile wanayokula kwao wakati wa Krismasi.

Nilinunua mmoja kwa ajili ya Mama, wa saizi ndogo. Shilingi mia ya Kenya ni karibu elfu mbili za kwetu, kwa hiyo bei sikumwambia. Aliuonja, akautafuna taratibu, akasema una mayai ya kutosha na mwokaji hakuwa na haraka. Kwa Mama hiyo ni sifa kubwa.

Desemba 24

Shemeji alikuwa amenunua beberu kutoka Ganda, nje kidogo ya mji. Kwetu kuchinja mbuzi wa Krismasi ni kazi ya wanaume wa boma, na kila fungu la nyama lina mwenyewe anayejulikana kabla kisu hakijanolewa. Hapa Shemeji alikwenda kumwita mume wa jirani, mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe ya kushona kwa mkono. Alikuja na kisu chake. Akamgeuza mnyama aelekee Kibla, akatamka Bismillahi.

Mama alikuwa amesimama pembeni na bakuli.

Nililiona na nikaelewa. Lilikuwa bakuli la damu. Kisusio ni supu ya damu na matumbo, na kwa wazee wetu Krismasi inaanza pale. Dada akamsogelea na kumnong'oneza, "Mama, damu ikiingia jikoni, sahani zetu hazitaliwa."

"Hata nikiipikia kwenye sufuria ya peke yake?"

"Hata hivyo. Hawa hawatuulizi tena. Wanatuamini."

Mama aliliangalia bakuli, akamwangalia yule mzee aliyekuwa ameinama akisubiri mnyama atulie. Akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na jagi la maji na sabuni, akamnawisha mzee mikono. Damu ikaachwa ikaingia mchangani, watoto wakaifukia.

Sijawahi kumwona Mama akiacha jambo la mila kirahisi. Amegombana na mapadri, amegombana na baba zangu wadogo, na mara nyingi ameshinda. Leo hakusema neno, na usiku, tulipokuwa tunakata nyama, aliniambia tu kwamba mtu anayekuja kukuchinjia mbuzi wa sikukuu isiyo yake anastahili kula akashiba. Naona alisema kweli, na naona kwamba tunakosea tunapoitazama Krismasi ya mji wa Waislamu kama Krismasi pungufu. Yule mzee aliacha shughuli zake ili kuiandaa yetu.

Misa ya mkesha ilikuwa saa tatu usiku. Kanisa lilijaa hadi nje, viti vya plastiki vikapangwa chini ya miarobaini. Sala zilikuwa zile zile, neno kwa neno, na nyimbo nyingi zilikuwa zile zile tunazoimba Mkuu. Tofauti ilikuwa kayamba. Akina mama wa Kigiriama walizitikisa zote kwa pamoja, mbegu zikivuma ndani ya mabua, na sauti ile ikaubeba wimbo mahali ambapo kwetu hubebwa na kinanda. Mama aliimba sauti ya pili, kwa nguvu, na mwanakwaya mmoja akageuka kuangalia inatoka wapi. Baada ya misa walimjia kumsalimu na kumuuliza anatoka parokia gani.

Desemba 25

Asubuhi yote ilikuwa ya sahani. Dada, pamoja na uzazi wake, alikaa kwenye kigoda akielekeza. Pilau ya mbuzi, kachumbari, chapati ambazo bila hizo Mkenya hatakubali kwamba ni Krismasi, na sufuria ya mtori. Watoto wa mtaa wakatumwa: hii kwa mzee aliyechinja, hii kwa mpangaji wa nyuma, hii kwa Mkikuyu wa duka la vifaa vya ujenzi ambaye mwaka huu hakwenda kwao. Kaimati na tambi kutoka kwa jirani zilikuwa zimeshafika kabla hatujaepua pilau. Katikati ya hayo simu ya Kaka ikaingia kutoka Rombo. Mama akamuuliza maswali kuhusu mafungu ya nyama, nani kapewa nini, mpaka akaridhika. Akamwambia, "Kisusio kuleni na cha kwangu."

Alasiri tuliteremka baharini na mji mzima. Familia zilikuja zimebanana kwenye tuktuk, wasichana wadogo wamevaa magauni mapya yenye tabaka nyingi na wakaingia nayo majini vilevile. Mipira ya matairi ilikodishwa. Ngamia alipita na watoto wawili mgongoni, wa mbele anacheka na wa nyuma analia. Waitalia wazee walitembea kwa mstari kando ya maji, ngozi zao zimekauka kwa jua la miaka mingi. Maji yalikuwa yamekupwa, na ufuko wa Malindi maji yakikupwa ni mpana ajabu.

Mama alivua viatu, akakunja kitenge, akasogea hadi povu likamfikia vidole. Hapo akasimama. Alikuwa ameisubiri bahari ya buluu aliyoiona kwenye kalenda.

"Mbona ni ya udongo?"

Na kweli, ghuba yote ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Shemeji akasema, "Mama, kesho kutwa nitakupeleka uone inapotoka."

Desemba 26

Tulikwenda shambani kwa mama mkwe wa Dada. Minazi, mikorosho, maembe yaliyoiva kiasi cha kudondoka yenyewe. Wakwe wawili waliketi chini ya mwembe na kuanza kuchunguzana kwa adabu, kama inavyopasa.

Mgema alishuka na kibuyu cha mnazi, pombe ya utomvu wa mti huo. Mama, ambaye amepika mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa harusi nyingi, alitaka kujua kila hatua, na akashangaa hatua zilivyo chache. Mbege ni kazi ya siku kadhaa, ndizi mbivu zichemshwe, zipoe, zichujwe, uje ulezi uliooteshwa na kusagwa. Mnazi unagemwa asubuhi na jioni kwenye kole, bua la shada la mnazi, lililokatwa kwa ustadi, na unachacha wenyewe kabla mgema hajafika chini. "Kwa hiyo ufundi wote uko kwenye kisu," alisema Mama. Mgema akafurahi sana kusikia hivyo. Alituonyesha kisu chenyewe, chembamba, cha kukata kipande kisichozidi unene wa karatasi, kwa sababu ukikata zaidi unalimaliza kole mapema. Mama alikunywa kwa mrija wenye chujio, akarudisha kibuyu, akaomba tena kidogo.

Waliachana wakiitana dada.

Desemba 27

Mlango wa Sabaki uko kilomita chache kaskazini ya mji. Tuliacha tuktuk karibu na daraja na kutembea kuufuata mto kati ya vilima vya mchanga. Nilidhani Mama atachoka. Hakuchoka.

Mto ulikuwa mwekundu na mzito, unakwenda taratibu, na pale unapokutana na bahari maji mawili yalikataa kuchanganyika. Mstari ulionekana wazi, huku udongo, huku kijani. Korongo na membe walijaa kwenye visiwa vya matope, na mbali kidogo palikuwa na heroe wengi, waridi, wamesimama mguu mmoja. Wavuvi walituonya kwamba viboko wapo.

Shemeji alichukua kijiti, akachora mchangani. Mto huu una majina matatu. Unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unazunguka Ukambani, na ndani ya Tsavo unapokea mto Tsavo. Kuanzia hapo ni Galana, na ukikaribia pwani ni Sabaki. Mvua ikinyesha Machakos na Kitui, udongo wa mashamba unaingia mtoni na unakuja kuishia hapa. Ndiyo sababu ghuba ni nyekundu, na ndiyo sababu ufuko wa Malindi unazidi kupanuka kuelekea baharini, hata hoteli zilizojengwa karibu na maji zamani sasa zina mchanga mwingi mbele yake. Watamu, ambako matope hayafiki kwa wingi hivi, bahari bado ni ya buluu.

"Na huo Tsavo unatoka wapi?" Mama aliuliza.

"Kwenu, Mama." Akachora mlima. Mto Tsavo unanywa chemchemi za Mzima, zenye maji ya vilima vya Chyulu, lakini pia unakusanya maji ya mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro. Vijito vya kusini mwa Rombo vinaangukia Lumi na kuishia ziwa Jipe, na vya kaskazini, upande wa Tarakea, vinashuka Tsavo.

Mama alizaliwa Tarakea. Aliutazama mchoro kwa makini, akamwomba Shemeji arudie kidole chake juu ya mstari ule polepole. Kisha akaenda ukingoni, akachota maji kwa kiganja na kuyaacha yachuje katikati ya vidole hadi ukabaki udongo. Akausugua kwa dole gumba, kama anavyofanya shambani kabla ya kupanda.

Nilitegemea atasema jambo la furaha kuhusu kwao. Alikasirika.

"Huu ni udongo wa juu," alisema. "Udongo wa kulimia. Nani anaacha shamba lake liondoke hivi?"

Akatuhutubia pale pale, viboko au hakuna viboko. Sisi watu wa mlimani tuna mifongo, mifereji iliyochimbwa na mababu, na kila mfongo una watu wake wenye zamu ya kuusafisha na kuuziba unapobomoka. Alipokuwa msichana, mtu aliyeacha maji ya mfongo yakakata shamba la jirani alitozwa faini. Siku hizi vijana wanalima mpaka ukingoni mwa korongo, wanang'oa majani yanayoshika udongo, na hakuna anayewauliza. Shemeji akasema Ukambani nako wamejenga matuta mengi, na mahali yalipo udongo unabaki, lakini bonde ni kubwa. Wakazungumza hivyo hadi jua likatuchoma, mwalimu wa Kigiriama na mama wa Kirombo, juu ya matuta, mbolea na mbuzi wengi mno. Mimi niliwasikiliza. Katika safari yote hii ndiyo saa ninayoikumbuka kwa ukamilifu zaidi, kwa sababu Mama hakuwa mgeni tena. Alikuwa mtu mwenye mgogoro na mto ambao una maji yake.

Desemba 28

Asubuhi nilikwenda Gedi na wapwa wakubwa, Mama akabaki na mzazi. Ni mji wa mawe wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, uko ndani ya msitu, una msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na vyoo vilivyopangwa kwa ustadi. Wareno walikaa Malindi miaka mingi, umbali wa safari ya nusu siku kwa miguu, na hawakuandika kuuhusu. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wapwa walipenda zaidi kima.

Jioni Mama alitaka kuliona kanisa dogo la Wareno. Liko juu ya mwamba kando ya bahari, kuta nene nyeupe, paa la makuti, makaburi machache uani. Fransisko Ksaveri alisimama Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapa Mreno mmoja aliyefia safarini. Kutoka hapo tulitembea hadi nguzo ya Vasco da Gama. Nahodha huyo aliipita pwani ya kusini mwa Afrika wakati wa Krismasi ya 1497, akaiita Natal kwa ajili ya sikukuu hiyo. Aprili 1498, baada ya kushindwa kuelewana na Mombasa, alipokewa vizuri Malindi, na mfalme wa hapa akampa rubani wa kumfikisha Calicut. Msalaba ulio juu ya nguzo ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Mama alipiga ishara ya msalaba, akauliza kama yule rubani alirudishwa salama kwao. Kwa mara ya pili katika safari hii aliuliza juu ya aliyeonyesha njia, na nikaona hiyo ndiyo njia sahihi ya kusoma mawe kama haya.

Desemba 30

Ninarudi peke yangu. Jana usiku Mama alitangaza kwamba hataondoka mpaka mtoto atimize miezi mitatu. Dada alifunika uso kwa kanga na kulia kwa furaha. Jirani alipopata habari alileta feni ya pili.

Nilipewa maagizo. Kaka asiuze mshare wa kitalu cha juu. Mfongo wa chini usafishwe kabla ya mvua za masika, na kama watu wa zamu hawataki, aitwe mwenyekiti. Mbuzi jike mwenye mimba asichungwe mbali. Na mzazi anahitaji ndizi kila wiki, kwa sababu mkungu tulioleta umebaki vichana viwili.

Hilo la mwisho nililishughulikia njiani. Nilishuka Taveta mchana, na kabla ya kugonga muhuri niliingia sokoni kutafuta mshare wa kweli kati ya aina zote zilizopangwa chini. Mama mmoja alinionyesha yake, nikaivunja moja nikaangalia utomvu, ilikuwa yenyewe. Ana lori la kaka yake linaloteremka Mombasa siku za soko, na huko kuna matatu za Malindi. Tulivutana juu ya bei, tukapatana, akaandika namba ya Shemeji kwenye daftari lake la mistari. Mkungu wa kwanza unaondoka Jumamosi.